Simu rahisi inavyokula mtaji wa mfanyabiashara

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mahindi, maharage, mchele, vitunguu na dagaa. Wiki hii tunaziweka bei hizo pembeni kidogo ili tuzungumzie chombo ambacho siku hizi ndicho kinachozisafirisha kutoka soko moja hadi jingine, yaani simu ya mkononi yenye intaneti. Malalamiko juu ya chombo hicho yanasikika karibu katika kila kibanda, lakini ni nadra kumkuta mfanyabiashara aliyeyaingiza katika daftari lake la hesabu.

Malalamiko yenyewe yanajulikana. Simu inazima ghafla ikiwa na chaji asilimia 30. Inaganda wakati mteja amesimama mbele yako anasubiri ujumbe wa malipo. Inasema nafasi imejaa kabla hujapokea picha ya mzigo. Inapata moto kama pasi. Kioo hakisikii kidole. Laini inasomeka asubuhi, mchana haisomeki. Mwenye simu huipiga kofi, huizima na kuiwasha, huichomoa laini na kuipuliza, kisha huulaumu mtandao na kuendelea na safari. Baada ya miezi michache hununua nyingine ya bei ile ile, na mambo yanaanza upya.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba simu mbovu si mkosi wa mtu mmoja. Ni gharama ya biashara, kama ilivyo pango, ushuru, nauli na upungufu wa mizani. Tofauti ni kwamba gharama hizo nyingine huandikwa, hii haiandikwi. Gharama isiyoandikwa haionekani, na muuzaji wa bidhaa hafifu hana sababu ya kubadili mwenendo wake endapo hasara aliyoisababisha haionekani popote.

DUKA LIMEHAMIA MFUKONI

Tukumbuke tulikotoka. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania ikafuata mwaka 2008. Mkongo wa kwanza mkubwa wa baharini wa SEACOM ulifika katika pwani yetu Julai 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, ilikuwa ghali, na ilikuwa kitu cha ofisini au cha kibanda cha kulipia kwa dakika. Katika muda wa miaka michache kitu kile cha ofisini kimeingia mfukoni mwa muuza nyanya.

Leo simu moja inafanya kazi tatu ambazo zamani zilifanywa na vitu vitatu. Ni sanduku la fedha, kwa sababu malipo mengi hupitia humo. Ni daftari la bei, kwa sababu mnunuzi wa Dar es Salaam hupigiwa picha ya mzigo ukiwa bado Mwanza au Mbeya, akakubali au kukataa kabla lori halijaondoka. Na ni mlango wa duka, kwa sababu wateja wengi wa nguo, vipodozi na vyakula huulizia kwa ujumbe kabla hawajatia mguu dukani.

Kodi nayo imeingia humo humo. Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010, na mashine hizo zenyewe ni vyombo vya mkononi vinavyotegemea mtandao. Kenya ilianza mashine za aina hiyo mwaka 2005, na mwaka 2023 ikaleta mfumo wa eTIMS, ambao mfanyabiashara mdogo anaweza kuutumia hata kwa simu yake. Tangu Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya mfumo huo, isipokuwa yale yaliyosamehewa, hayapokelewi nchini humo katika kupunguza kodi ya mapato. Maana yake ni kwamba simu ya muuzaji ikifa, anayeumia si yeye peke yake. Mnunuzi wake naye anaweza kukosa ankara ya kumsaidia kwenye kodi.

Chombo chenye majukumu ya namna hiyo hakiwezi tena kununuliwa kwa kuangalia rangi na bei. Mizani ya dukani hukaguliwa na kupigwa muhuri, na lori hukaguliwa kabla ya safari. Simu, ambayo siku hizi hubeba fedha nyingi kuliko droo ya dukani, hununuliwa kwa dakika tano kandokando ya barabara.

TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa kukadiria, na msomaji abadilishe tarakimu kulingana na biashara yake.

Mfanyabiashara wa kwanza ananunua simu ya Sh 150,000/=. Inadumu miezi 10, sawa na siku 300. Katika siku hizo, siku 45 simu iko kwa fundi, imezima au imekataa kufanya kazi kwa namna ambayo imeharibu biashara ya siku. Fundi amelipwa jumla ya Sh 60,000/=. Kila siku inayokufa anapoteza faida ya Sh 4,000/=, kwa hiyo siku 45 zimekula Sh 180,000/=. Jumla ya gharama ni Sh 390,000/=. Ukigawanya kwa siku 255 alizofanya kazi kweli, simu hiyo imemgharimu takriban Sh 1,529/= kwa siku.

Mfanyabiashara wa pili ananunua simu ya Sh 360,000/=. Inadumu miezi 30, sawa na siku 900. Siku zilizokufa ni 18. Amebadilisha betri na kufanya matengenezo madogo kwa Sh 50,000/=. Faida iliyopotea ni Sh 72,000/=. Jumla ni Sh 482,000/=, na siku za kazi ni 882. Gharama yake kwa siku ni takriban Sh 546/=.

Aliyenunua rahisi amelipa karibu mara tatu ya mwenzake. Lakini tusikimbilie kusema kwamba simu ghali ndiyo nzuri, maana hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili. Simu ya Sh 150,000/= ikidumu siku 300 bila kuzima hata siku moja na bila kumwona fundi, gharama yake ni Sh 500/= kwa siku, chini ya ile ghali. Kwa hiyo adui wa mfanyabiashara si bei ndogo. Adui ni siku zinazokufa. Simu rahisi isiyozima ni rahisi kweli kweli, na simu ghali inayozima ni hasara mara mbili.

Hapo ndipo soko letu lilipo na kasoro kubwa. Bei ya simu imeandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi, lakini idadi ya siku zitakazokufa haijaandikwa popote. Mnunuzi analinganisha kile anachokiona. Muuzaji wa simu nzuri ya bei ya kati anashindwa kumthibitishia mteja kwamba simu yake ni bora, na muuzaji wa simu mbovu anashindana naye kwa bei tu. Soko la namna hiyo humtupa nje muuzaji mwaminifu kabla ya tapeli.

KWA NINI ZINAKUFA

Mafundi wetu wanayajua magonjwa haya vizuri, na si ya kichawi.

La kwanza ni betri. Betri ya lithiamu huzeeka kadiri inavyochajiwa na kumalizika, na huzeeka haraka zaidi kwenye joto. Baadhi ya watengenezaji wakubwa hushauri simu itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35. Kibanda cha mabati saa nane mchana kinavuka kiwango hicho bila shida. Betri iliyochoka bado inaweza kuonyesha asilimia 30, lakini simu inapoihitaji nguvu nyingi kwa ghafla, kwa mfano kupiga picha au kutafuta mtandao ulio mbali, msukumo wa umeme hushuka na simu huzima. Mwenye simu anadhani imerogwa, kumbe betri ndiyo imeishiwa pumzi.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa simu za kimaskini tu. Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguza kasi baadhi ya simu zake zenye betri zilizochakaa, ili zisizime ghafla. Baada ya wateja kuja juu, ilishusha gharama ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018. Wateja wale walipata nafuu kwa sababu walihesabu hasara yao, wakaisema kwa pamoja, na wengine wakaenda mahakamani. Sisi hununua nyingine.

La pili ni nafasi ya kuhifadhi. Boksi linasema GB 16, lakini sehemu kubwa ya nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa na mfumo wa simu kabla hujaweka namba ya kwanza. Picha za mizigo na video za salamu za asubuhi zinamaliza kilichobaki. Simu iliyojaa huwa nzito, na programu za fedha hushindwa kupokea marekebisho yake.

La tatu ni programu zilizopitwa na wakati. Simu inaweza kuwa mpya ndani ya boksi huku mfumo wake ni wa miaka mingi iliyopita. Mfano ulio wazi ni huu: tangu Oktoba 24, 2023, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye mfumo wa Android ulio chini ya toleo la 5.0. Simu hizo hazikuharibika hata kidogo. Kioo kilikuwa kizima, betri nzima, lakini kwa mfanyabiashara aliyekuwa akiwasiliana na wateja wake kwa njia hiyo, zilikufa siku hiyo.

La nne ni masafa. Mitandao ya nchi mbalimbali haitumii masafa yale yale. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Uchina inaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumika hapa. Itashika mtandao mjini na kuupoteza njiani, na mwenyewe atabaki akibadilisha laini kila mwezi pasipo kujua kwamba tatizo liko ndani ya simu.

La tano ni bidhaa bandia. Kenya ilizizima simu bandia katika mitandao yake mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo katikati ya Juni 2016. Hatua hizo zilimfundisha mnunuzi kubonyeza *#06# na kulinganisha tarakimu 15 zinazotokea na zile zilizo kwenye boksi. Ni somo zuri, ila halitoshi. Tarakimu hizo husaidia kutambua simu bandia. Hazikuelezi kama betri ni imara au kama mfumo utapata marekebisho mwaka ujao. Simu inaweza kuwa halali kabisa na bado ikawa hafifu.

SI KILA KOSA NI LA SIMU

Haki lazima itendeke kwa pande zote. Yapo makosa ambayo simu husingiziwa.

Msomaji atakumbuka simu za BlackBerry, ambazo wakati fulani zilikuwa alama ya mtu mwenye shughuli zake. Oktoba 2011, kwa muda wa siku tatu hivi, wateja wa Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, na baadaye Amerika, walikosa barua pepe na ujumbe. Simu zao zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mtambo mmoja katika kituo cha kampuni hiyo huko Slough, Uingereza, na mtambo wa akiba nao haukushika kazi kama ilivyotarajiwa. Januari 4, 2022 huduma za simu hizo za zamani zilifungwa rasmi, na chombo kilichokuwa fahari kikabaki pambo.

Karibu zaidi na sisi, Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana. Siku hizo hata mwenye simu ya mamilioni alikaa akiangalia kiduara kinazunguka.

Funzo la matukio hayo ni kwamba chombo cha mkononi ni ncha tu ya mnyororo mrefu. Kabla hujampelekea fundi fedha, fanya jaribio rahisi. Chukua laini yako, iweke kwenye simu ya jirani, mahali pale pale. Ikifanya kazi vizuri, simu yako ndiyo mgonjwa. Ikikataa pia, omba laini ya mtandao mwingine uiweke kwenye simu yako. Ikishika, tatizo ni la mtandao wako. Zikikataa zote, subiri, tatizo ni kubwa kuliko mfuko wako. Jaribio hilo halizidi dakika tano, na linaweza kuokoa fedha anazolipwa fundi kwa kuponya simu isiyoumwa.

Hali kadhalika, ni vizuri kukumbuka kwamba huduma za fedha zinazoanza kwa nyota na kumalizika kwa alama ya reli hazipiti kwenye intaneti. Zinafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya tochi. Mfanyabiashara mwenye simu hiyo pembeni, yenye chaji ya siku kadhaa na laini iliyosajiliwa, hafungi duka kwa sababu simu yake kubwa imeganda. Katika mfano wetu wa kwanza, simu ya tochi ya Sh 25,000/= ingeokoa nusu tu ya siku zile 45, ingerudisha takriban Sh 90,000/=. Ni vigumu kupata mtaji mwingine sokoni unaorudisha zaidi ya mara tatu kwa miezi 10.

SIMU ZA MKOPO

Jambo jipya linalotia wasiwasi ni simu za mkopo, zile zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku au kila wiki. Mpango huu una manufaa yake na hatuupingi. Umewawezesha wengi wasio na fedha za mkupuo kupata chombo cha kazi. Lakini masharti yake yasomwe kwa makini. Mteja akichelewa kulipa, simu hufungwa kutoka mbali. Simu ikifungwa, mteja hawezi kufanya kazi inayomletea fedha za kulipia simu. Ni sawa na kumnyang'anya mvuvi wavu kwa sababu hajaleta samaki.

Swali zito zaidi ni hili: simu yenyewe ikiharibika kabla mkopo haujaisha, nani anabeba hasara? Mara nyingi mteja anagundua jibu akiwa amechelewa. Anaendelea kulipia chombo kilicholala kwenye droo, na wakati huo huo anatafuta fedha za kingine. Mkopo wa chombo cha kazi unapaswa kusimama pale chombo kinaposimama kwa kosa lisilo la mteja. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kwa maandishi madogo ambayo hata kioo kizima hakiyaonyeshi.

SHERIA IPO, TUMEISAHAU

Wengi huamini kwamba maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" ndiyo mwisho wa safari. Si kweli. Tanzania ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya inayo ya kwake, Sura ya 31. Zote zimetokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Ndani yake mna kanuni muhimu kwa mfanyabiashara: mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa iifanye, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo.

Lakini sheria hiyo ina mtego. Mnunuzi akitaja mwenyewe kitu mahsusi kwa jina lake la biashara, anaweza kupoteza kinga hiyo, kwa kuwa amejichagulia. Tazama sasa tunavyonunua simu. Tunaingia dukani na kusema, "Nipe aina fulani, namba fulani, ile niliyoiona kwa jirani." Tumemwondolea muuzaji mzigo wote kabla hajafungua boksi. Ingekuwa bora kusema hivi: "Nahitaji simu ya kupokea malipo na picha za mizigo kutwa nzima, katika kibanda chenye joto, nina wateja mia. Ipi itafaa?" Kisha maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya simu yenyewe na muda wa dhamana. Muuzaji atakayekataa kuandika amekwisha kukupa jibu kuhusu bidhaa yake.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Tangu Juni 20, 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutimiza masharti yaliyoandikwa kwa tarakimu. Betri ibakiwe na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya chaji. Simu ya kawaida istahimili kuanguka mara 45 katika majaribio. Vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya simu hiyo kuacha kuuzwa, na marekebisho ya mfumo yatolewe kwa angalau miaka 5. Tena simu hubandikwa lebo inayomwonyesha mnunuzi mambo hayo kabla hajalipa.

Hatari kwetu ni dhahiri. Simu isiyoweza kutimiza masharti ya Ulaya haitatupwa baharini, itatafutiwa soko lisilouliza maswali. Iwapo sisi ndio soko hilo, tutakuwa tumejitolea wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kudai dhamana kutapandisha bei, na kwamba mwenye kipato kidogo ataumia. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Lakini turudi kwenye hesabu yetu. Mwenye kipato kidogo tayari analipa, tena analipa zaidi, ila analipa kwa fundi, kwa wateja waliokimbia na kwa simu ya pili. Dhamana haiongezi gharama mpya katika nchi. Inaitoa gharama hiyo mfukoni mwa muuza mchicha na kuirudisha kwa mwingizaji wa kontena, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kuchagua kiwanda. Hatupendekezi simu rahisi zipigwe marufuku. Tunapendekeza zisemwe ukweli wake.

LA KUFANYA

Kwa mfanyabiashara, ushauri wetu ni wa vitendo. Fungua ukurasa mmoja katika daftari, uandike kila siku simu inapokwamisha kazi na ulichopoteza. Baada ya miezi mitatu utajua bei halisi ya simu yako. Kabla ya kununua, muulize kwanza fundi, si muuzaji: ni simu zipi anazopata betri na vioo vyake kwa urahisi, na zipi humrudia kila mwezi. Fundi ana takwimu ambazo hakuna tangazo litakalokupa. Tumia chaja inayolingana na simu, usiiache juani, futa picha za zamani kila Jumamosi, na weka simu ya tochi pembeni.

Kwa vyama vya wafanyabiashara vya masokoni, pendekezo ni kwamba mkusanye kumbukumbu hizo za wanachama wenu. Mfanyabiashara mmoja akilalamika ni mtu mwenye bahati mbaya. Wafanyabiashara mia wenye daftari ni wateja wanaoweza kukaa meza moja na mwingizaji wa jumla na kumwambia: tunanunua kwako simu mia, dhamana ya miezi 12, vipuri hapa hapa mjini, la sivyo tunakwenda kwa mwenzako.

Kwa mamlaka zinazosimamia viwango, mawasiliano na ushindani, kazi ya kuzima simu bandia ilikuwa mwanzo mzuri. Hatua inayofuata ni lebo. Boksi lionyeshe mizunguko ambayo betri inahimili, mwaka wa mwisho wa marekebisho ya mfumo, nafasi iliyobaki kweli kwa mtumiaji, na masafa ya hapa nchini ambayo simu inayashika. Mambo hayo manne yanaenea kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Bei za mazao zitarejea katika ukurasa huu wiki ijayo kama kawaida. Hadi hapo, msomaji anayekusudia kununua simu mwezi huu aingie dukani na swali moja tu: "Itafanya kazi siku ngapi, na utaniandikia?"